Malalamiko Dhidi ya Mpangaji wa Bafuni

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Viumbe wa Majini.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KAMONGO ANAYEISHI BAFUNI KWETU, NA OMBI LA KUTOMPASUA KABLA KESI YAKE HAIJASIKILIZWA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nikikiacha kijieleze chenyewe utakielewa vibaya, maana wewe ni msomi. Kwa hiyo nitakieleza mimi.

Mimi ni metroni mstaafu wa bweni la wavulana. Wanafunzi waliniita Mama Sabuni wakidhani sisikii. Sasa nakaa kwa mwanangu, fundi wa majokofu, na mkewe, ambaye ni mtafiti katika kituo chako. Yeye ndiye aliyetuletea samaki huyu, lakini simshtaki yeye. Namshtaki samaki.

Nimearifiwa kwamba Jumatatu utakuja na sanduku la barafu na kisu, umchukue kamongo wetu, umpasue na kulitazama ini lake. Kuondoka kwake sina pingamizi nako. Nimekuwa nikiomba aondoke tangu siku alipoingia. Ila katika bweni langu hakuna mvulana aliyewahi kuadhibiwa kabla sijasikiliza mashtaka yake yote, hata yule aliyefuga panya ndani ya sanduku la nguo. Samaki huyu nina mashtaka naye. Ukimpasua Jumatatu, nani atanijibu? Ini halijibu barua. Naomba kwa heshima uyasome yote, na uyasome kwa mpangilio wake.

Kwanza: bafu.

Pampu ya maji ya kituo chako ilipoharibika, uliwaambia watafiti kila mmoja achukue wanyama wake akakae nao nyumbani kwa muda mfupi. Neno "mfupi" ni lako. Mkwe wangu alirudi na ndoo ya perege, chupa pana ya konokono wa majini, na huyu kamongo, samaki wa matope, mrefu kama mkono wa mtu mzima, kakunjwa ndani ya karai la kufulia. Perege akawekwa chini ya sinki. Konokono wakapandishwa dirishani, penye mswaki wangu. Kamongo akapewa beseni kubwa la kuogea, lile la kujilaza, ambalo ndilo pekee tulilo nalo. Choo, namshukuru Mungu, kina mlango wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Suala la jembe nimelitafakari na nimeuona ugumu wake, kwa kuwa mapezi ya kamongo ni membamba kama kamba za viatu. Kwa hiyo anakula bure. Sisi tunaoga kwa kopo jikoni, tumesimama ndani ya karai lilelile alilokuja nalo yeye. Mwanangu ni mtu wa mwili. Akiinama kujimwagia maji, kiwiko chake kinafungua kabati la vyombo. Nikaamua kumwita samaki huyu Mpangaji, ili angalau aone haya. Hajaona.

Pili: chakula.

Nyama ya Mpangaji hupimwa kwenye mizani ya jikoni, mizani niliyokuja nayo mimi. Nilipouliza kwa nini samaki ale mnofu na sisi tutafune mishipa, mkwe aliniketisha akanifundisha. Alisema nyama ni protini, na protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Shanga hizo zinaitwa asidi amino. Mwili ukishakula unazifungua, unachukua zile za kujijengea, na zinazobaki hauwezi kuziweka akiba kama unavyoweka mafuta. Lazima uzivunje. Zikivunjwa hutoka amonia, na amonia ni sumu. Ikimpanda samaki kichwani anazunguka kama kalewa, kisha ndiyo kwaheri.

Nilisikiliza vizuri, nikamsifu kwa kufundisha. Basi jioni ileile akanyoosha kijiko, akakiondoa kipande changu cha pili cha nyama sahanini, akasema na wewe Metroni zionee huruma figo zako. Kipande hicho kilikwenda wapi? Kilikwenda bafuni. Nilikisindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Tatu: kuvunjiwa heshima.

Somo halikuishia hapo. Siku iliyofuata, tukiwa mezani, mkwe alieleza jinsi kila kiumbe anavyoishi na sumu yake. Perege hana subira: amonia ikitokea tu, anaitema majini kupitia matamvua, palepale, bila kufikiri. Ndiyo maana anahitaji maji mengi, na yasipobadilishwa anakufa kwa alichokitema mwenyewe. Konokono ni mtu wa siri: sumu yake anaikausha ikawa chembe nyeupe kama chokaa, anaihifadhi mwilini, na kwa nje huwezi kumjua. Lakini mwenye adabu ni kamongo. Yeye amonia anaipeleka kwenye ini, ini linaigeuza kuwa urea, kitu kipole, naye anakaa nacho. Kiangazi kikija anajizika kwenye matope miezi na miezi, hali, hanywi, anapunguza hata kuzivunja zile shanga, na urea inajaa ndani yake bila kelele. Mvua ikinyesha anatoka, anaiachia yote, maisha yanaendelea.

Nikasema hilo ni jambo la kuigwa. Mwanangu, mdomo umejaa chakula, akasema kwa hiyo Mama wewe ni perege.

Walicheka wote wawili mpaka mkwe akashika meza. Tangu siku hiyo nikifungua kinywa kusema lolote, kwa mfano kwamba juu ya kabati kuna vumbi la kutosha kuotesha mahindi, mwanangu huanza kufumba na kufumbua mdomo kama samaki, mtu mzima mwenye bisibisi mfukoni. Nilimzaa mimi huyo. Kabla Mpangaji hajaingia nyumbani humu hakuna mtu aliyewahi kunifananisha na kitu chenye magamba, na ninadai aniombe radhi.

Pili tena, maana nilisahau: redio. Mkwe anasema kelele zinamsumbua Mpangaji, na samaki aliyesumbuka hutoa amonia zaidi. Mwanangu sasa anasikiliza mpira sikio limegusa redio, na bao likifungwa anashangilia kwa mikono tu. Hilo sikulipinga. Nalitaja ili lijulikane.

Nne: bango.

Juu ya beseni la Mpangaji mkwe alibandika karatasi, kaandika kwa kalamu nene: MAJI HAYA YASIBADILISHWE. Ya perege yanabadilishwa. Ya konokono yanabadilishwa. Ya Mpangaji yaachwe yachafuke, kwa makusudi, ili ionekane anavyoivumilia amonia yake. Ndugu Mkurugenzi, mimi nimekagua mabweni. Nimekagua chini ya vitanda, nyuma ya masikio na ndani ya foronya. Leo kila nikienda kupiga mswaki nasimama mbele ya tangazo linalokataza usafi, tena ndani ya nyumba ninayolala. Lilinikata maini, nasema kweli.

Kuhusu maji yenyewe sitaongeza neno katika kifungu hiki.

Tano: furaha.

Hili ndilo zito kuliko yote, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mkwe wangu na mimi hatukuwahi kugombana. Hatukuwa tumefika huko. Tangu aolewe aliniita Metroni, kama wale wavulana. Alinisalimu vizuri, kama mtu anavyomsalimu karani wa dirishani, kisha akaenda zake chumbani na vitabu vyake. Sikumlaumu. Niliingia nyumbani kwake na masanduku yangu na mazoea yangu, na mazoea ndiyo yaliyochukua nafasi zaidi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huchota maji kidogo ya kila mnyama, akayatia kwenye kichupa cha kioo, akadondoshea dawa, akangoja. Yakibaki ya njano hakuna amonia. Yakigeuka ya kijani, ipo. Ya perege yaligeuka, licha ya kubadilishwa kila jioni. Ya Mpangaji, aliyekatazwa maji mapya, na kipande changu cha nyama tumboni, yakabaki ya njano. Kesho yake njano. Akadhani dawa imeharibika, akafungua nyingine: njano. Akapima urea, labda hiyo ndiyo anayoiachia: hamna. Samaki anakula kama harusini, na majini hakuna kitu.

Nilikuwa nasukutua. Aligeuka akanikumbatia na povu langu mdomoni, akasema Mama umeona. Hakusema Metroni. Tangu asubuhi hiyo ni Mama huku na Mama kule. Akirudi kazini anakaa ukingoni mwa beseni, mimi nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunamtazama Mpangaji na kuongea: ya kazini kwake, ya marehemu mama yake, ya mwanangu alivyo mgumu kuosha miguu. Juzi alinitengea kipande cha pili cha nyama mwenyewe, akasema figo zitajua.

Naam, yote haya yameletwa na samaki. Lakini anayeleta kitu kizuri ndani ya nyumba ana wajibu wa kukaa. Hawezi kukileta, tukakizoea, halafu Jumatatu akaondoka nacho ndani ya sanduku la barafu. Hiyo ni tabia mbaya kuliko ya panya. Panya angalau alikuja na njaa yake tu.

Sita: wewe.

Ulikuja mwenyewe. Uliingia bafuni na viatu, hilo nimelisamehe. Ulipiga magoti, ukamtazama Mpangaji, ukasema chakula kinaingia, uchafu hautoki, basi uchafu wote umo ndani, na njia ni moja tu, kumpasua tuone ini lake linauweka wapi. Mkwe wangu aliugeukia ukuta. Wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa unampima samaki kwa shubiri. Mimi nilimwona. Kisha ulibaki kwa chakula cha mchana, ukazisifu mboga za majani za nyuma ya jiko, ukasema tangu uzaliwe hujaona mboga zenye afya namna ile, na ukaongezwa sahani ya pili.

Sasa tuipime hoja yako. Ikiwa kila anayeingiza chakula bila kutoa kitu anapaswa kupasuliwa, anza na mwanangu. Kaa naye Jumapili moja uone. Ikiwa unatafuta kiumbe anayeishi ndani ya uchafu wake akanenepa, nitakupeleka bweni la wavulana msimu wa mvua, soksi zikiwa zimeanikwa ndani. Utapata vielelezo chumba kizima, na vyote vimefaulu mitihani. Na ikiwa unatafuta ini linalogeuza sumu kuwa kitu kipole, basi usihangaike na samaki, nipasue mimi. Nimelea watoto wa watu. Nimeandikwa ukutani kwa mkaa, pamoja na picha. Nimeambiwa na mwalimu mkuu, mbele ya wapishi, maneno ambayo sitayarudia hapa. Yote nikayapeleka ndani, yakalainika, na asubuhi nikapiga kengele ya kuamka kama kawaida. Hakuna aliyewahi kuniletea barafu.

Saba: anapumua.

Mpangaji ana mapafu. Mara kwa mara anainua pua juu ya maji, anavuta hewa, kisha anaiachia kwa sauti. Marehemu mume wangu alikuwa akivua viatu jioni anatoa sauti hiyohiyo. Sina la kuongeza.

Kwa mashtaka hayo, naomba yafuatayo:

(a) Mshtakiwa ahojiwe akiwa hai, mbele ya mlalamikaji, ndani ya bafu letu, viatu vikiachwa mlangoni.

(b) Kwa kuwa kwa maumbile yake yeye hutoa yaliyomo ndani mvua inaponyesha, kesi iahirishwe mpaka mvua. Si lazima iwe ya mwaka huu.

(c) Pampu yako isitengenezwe kwa pupa. Haraka haraka haina baraka, hasa kwenye mambo ya mabomba.

Na hata kama mashtaka yangu utayatupa, lifikirie hili. Mkwe wangu, ambaye ni mtafiti wako mwenyewe, anasema kamongo wa namna hii hajawahi kusikika. Perege wapo wengi, konokono wapo wengi, kamongo wa kawaida wapo kila penye tope. Huyu ni mmoja. Mtu mwenye mlango mmoja haupasui kuni ili ajue mbao zake zilikatwa wapi. Samaki wa ajabu kiasi hiki anatunzwa, analishwa, anatazamwa kwa heshima, na wenye nyumba wanavumilia kuoga kwa kopo.

Nisalimie katibu muhtasi wako. Nisalimie mlinzi wa getini, aliyembeba Mpangaji hadi barabarani bila kumwaga tone. Fundi wa pampu naye msalimie, na mwambie apumzike. Wasalimie pia wote wenye mapezi walioko chini ya uongozi wako. Mwanangu anakusalimu. Konokono hawajasema kitu.

Ni mimi, niliye pamoja nawe katika usafi na utaratibu,

Metroni Mstaafu
(Mama Sabuni)

Tanbihi:

Barua hii nilimsomea mwanangu kabla ya kuifunga. Aliacha feni aliyokuwa anaitengeneza, akasikiliza mpaka mwisho, akasema Mama umeandika vizuri sana, na umemuua. Ukimwambia mkubwa kwamba samaki ni wa ajabu, atakuja na visu viwili. Nimekwenda kusugua sufuria nikalifikiria hilo, na naona amesema kweli, jambo ambalo kwake si la kila siku. Kwa hiyo hoja yangu ya mwisho naifuta, na hii ndiyo inayoshika nafasi yake.

Mpangaji si wa ajabu. Ni kamongo kama kamongo wengine. Kila alfajiri, kabla mkwe hajaamka, mimi huyatoa maji yale kwa ndoo, nikasugua kuta za beseni kwa brashi, nikamjazia maji yaliyolala usiku kucha kwenye karai ili dawa ya bomba itoke, kama mkwe anavyomfanyia perege, mpaka kwenye mstari aliouchora mkwe kwa kalamu ndani ya beseni, bila kuzidi wala kupungua. Mpangaji amenizoea, nikifika anajisogeza pembeni mwenyewe nipitishe brashi, adabu ambayo wavulana hawakuwa nayo. Bango nililisoma. Katika kazi yangu nimesoma mabango mengi yaliyobandikwa milangoni kuzuia ukaguzi, na sikumbuki hata moja lililonizuia.

Kwa hiyo unachokitafuta ndani ya ini lake hakimo. Maji yale nilikuwa nayamwagia mboga za nyuma ya jiko. Ulikula sahani mbili.

Mkwe nitamwambia mwenyewe leo, kabla sijailamba bahasha, asije akayasikia kwako mbele ya watu. Atakasirika, na ana haki. Kazi yake ilikuwa yake, nami niliifua kama shuka la mtoto wa bweni. Akinirudisha kwenye jina la Metroni nitaliitikia. Sitatema kitu. Nitalipeleka ndani, nikae nalo, mvua itanyesha siku yake. Jaribio mwachie alianze upya, na samaki yuleyule, akiwa hai, maana safari hii ndipo itakapojulikana anaweza nini. Ufunguo wa bafu nimeuweka chini ya mto wa mkwe. Mswaki wangu nimeuhamishia jikoni.